Je, Malakiti Hukua? Mjadala wa Kolwezi Kuhusu Kilicho Hai

Watoto shuleni hufundishwa alama saba za kiumbe hai: kujongea, kupumua, kuhisi, kukua, kuzaliana, kula na kutoa taka mwili. Wakishazikariri wanafaulu mtihani, na swali linafungwa. Kolwezi, mji wa shaba mkoani Lualaba nchini Kongo, unalifungua upya. Hapa malakiti, madini ya kijani ya shaba, hujipanga tabaka juu ya tabaka ndani ya mwamba, shaba hunenepa ndani ya matangi ya kiwanda, na juu ya vilima vyenye shaba ya kutosha kuua shamba zima la mahindi husimama ua dogo la zambarau, lenye afya tele. Ukiwauliza watu wa mji huu kilicho hai ni kipi, alama saba hazitatosha kumaliza mazungumzo.

Sauti zilizomo humu nimezitunga mimi: mwalimu wa biolojia, mzee aliyestaafu kazi ya kiwandani, mama anayeuza uyoga, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, mtaalamu wa mimea na kijana mchimbaji. Mambo ya sayansi wanayoyataja ni ya kweli. Nimewaacha wagongane kwa sababu jambo hili linamhusu kila anayeishi juu ya shaba ya Lualaba, na sitaficha niko upande gani.

Mwalimu: Tuanze na yasiyobishaniwa. Kiumbe hai, awe bakteria au tembo, ameundwa kwa seli, iwe moja au matrilioni. Huchukua chakula kutoka nje, akakigeuza kuwa mwili wake na nguvu zake, kisha akatoa kisichofaa. Huhisi mazingira na kuyajibu. Hukua. Huzaa, na wazao hufanana naye kwa kuwa wanabeba maagizo yale yale ya urithi, DNA. Kikikosa mojawapo ya hayo, si hai.

Mzee wa Luilu: Mwalimu, kwa heshima yako, nina neno. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye ukumbi wa elektrolisisi pale Luilu, kiwanda kilichofunguliwa 1960. Unazamisha bamba jembamba kwenye maji ya asidi yenye shaba, unapitisha umeme, unangoja. Siku ya kwanza bamba linapindika kwa vidole. Baada ya siku kadhaa ni zigo la kuinuliwa kwa winchi. Umeme ukipita kiasi, au maji yakichafuka, linaota vinundu ubavuni. Vinundu vikirefuka vinagusa bamba la jirani, inapigwa shoti, na zamu nzima inahangaika. Sasa niambie: kitu kile kinachukua shaba majini, kinanenepa, na hali ya maji ikibadilika nacho kinabadilika. Malakiti vilevile. Wazee wetu walituambia mawe hukua, nami nimeyaona yakikua.

Mwalimu: Umeona kweli, Mzee, sikubishii. Lakini ikate katodi, yaani bamba lako lile, katikati. Shaba ya ndani kabisa haijaguswa tangu dakika ile iliyoganda. Malakiti ni hivyo hivyo: maji ya mvua yenye kaboni dioksidi hupenya kwenye mwamba, yanaiyeyusha shaba, yanaiacha mahali pengine ikiwa kaboneti ya kijani. Kila tabaka hukaa juu ya lililotangulia, na lililotangulia halina kazi tena. Mwanao hakukua kwa kupakwa bukari juu ya ngozi. Alikula, bukari ikavunjwavunjwa, ikajengwa upya kuwa mfupa na damu. Jiwe huongezewa kutoka nje. Kiumbe hai hujiongeza mwenyewe kutoka ndani.

Mwanafunzi: Basi moto, Mwalimu. Mwezi wa nane, nyasi zikikauka, moto wa porini hula kila kitu na kukigeuza kuwa kingine kabisa. Unavuta oksijeni, unatoa majivu na moshi, unakimbia, upepo ukigeuka nao unageuka, cheche ikivuka barabara unazaliwa moto mwingine. Nimehesabu alama zako zote, na sioni uliyokosa.

Mwalimu: Umekosa urithi. Cheche iliyotoka kwenye mkaa na cheche iliyotoka kwenye petroli zikiangukia nyasi zile zile, zitawasha moto ule ule. Moto haukumbuki ulikotoka. Unaufuata tu mzigo ulioukuta. Lakini panda mbegu ya mahindi na mbegu ya mtama katika tuta moja, kwa mvua moja na mbolea moja. Kila moja itatoa ukoo wake, kwa sababu ndani yake kuna maagizo ambayo udongo haukuyaandika.

Hapa naingilia kidogo, kwa kuwa Mwalimu amegusa jambo lililoisumbua sayansi kwa muda mrefu. Mwaka 1943 mwanafizikia Erwin Schrödinger alitoa mihadhara Dublin akiuliza uhai ni nini, na mwaka uliofuata akaichapisha kuwa kitabu. Alisema mambo mawili yanayofaa sana kusikika Kolwezi. Kwanza, kila kitu duniani huelekea kusawazika na mazingira yake: kilicho moto hupoa, kilichokusanyika hutawanyika. Kiumbe hai hukataa kusawazika kwa kadiri anavyoendelea kuchota mpangilio kutoka nje. Pili, alibashiri kwamba maagizo ya urithi lazima yameandikwa katika namna ya fuwele, ila fuwele isiyorudia umbo lile lile. Malakiti ni fuwele inayojirudia: ukiisoma punje moja umezisoma zote. Umbo la DNA lilipofumbuliwa 1953, likaonekana kweli ni mnyororo mrefu ambao herufi zake hazijirudii kwa mpango wa kuchosha, na kwa hiyo unaweza kubeba habari. Katodi ya Mzee haina cha kusomwa.

Mama wa uyoga: Mimi nina la macho yangu. Mvua zikianza nauza uyoga kando ya barabara. Ule mkubwa kuliko wote, ambao kofia moja inaweza kufika mita, hauoti ila penye mchwa. Mchwa wenyewe ndio wanaoulima ndani ya kichuguu, kwa mabaki ya majani na miti waliyokula. Wao wanaula, nao unalishwa. Na ukitoboa kichuguu jioni, asubuhi unakuta tundu limezibwa kwa udongo mbichi. Sasa Mwalimu umesema kikikosa alama moja si hai. Mchwa mfanyakazi hazai maisha yake yote. Amekufa?

Hoja hii naipenda kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu inavunja orodha bila kumdharau aliyeiandika.

Mwalimu: Umenibana, Mama. Nirekebishe: kuzaa ni alama ya ukoo, si lazima iwe ya kila mmoja. Mchwa mfanyakazi yuko hai kwa kuwa seli zake zinakula, zinapumua na kujitengeneza, na maagizo anayobeba yanapita kwa malkia kwenda vizazi vijavyo.

Mama wa uyoga: Na kichuguu?

Mwalimu: Udongo ni udongo. Jumuiya iliyomo ndiyo hai. Watafiti waliopima vichuguu vikubwa vya miombo karibu na Lubumbashi, wakachapisha 2015, walikuta kimoja kina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Hakuna mchwa wa umri huo. Kilichodumu ni kazi ya vizazi, kila kimoja kikikarabati alichoacha mwenzake. Mchwa wakihama, mvua inaanza kukiteremsha, na hakuna mkono wa kuziba tundu.

Mwanafunzi: Mwalimu, na batobato, ugonjwa wa muhogo? Sombe ya bibi yangu ina mabaka ya njano na majani yamejikunja. Tumefundishwa kwamba ni virusi, wanaletwa na nzi weupe. Virusi wana urithi, wanazaliana shamba zima. Wako hai?

Mwalimu: Wana maagizo, lakini hawana jiko. Nje ya seli ya muhogo hawali, hawapumui, hawajitengenezi. Moto una kazi bila maagizo. Virusi wana maagizo bila kazi. Wanasayansi wengine huwaweka ndani ya uzio wa uhai, wengine nje, na mimi nawaacha mlangoni.

Nami namwacha Mwalimu na mlango wake, kwa kuwa kiini cha mjadala kiko juu ya kilima.

Mtaalamu wa mimea: Niwaonyeshe mmea mmoja. Haumaniastrum katangense ni jamaa wa mrehani, wa familia moja na mnanaa. Huota, huchanua na kufa ndani ya mwaka mmoja. Vitabu huuita ua la shaba. Udongo wa kawaida huwa na shaba miligramu makumi machache katika kilo moja. Kwenye vilima vya shaba vya Katanga ni maelfu, na mahali pengine hufika 10,000. Mzizi wa mmea wa kawaida ukigusa udongo huo huacha kurefuka, majani yanageuka njano, mmea unakufa. Huu hustawi. Wakauotesha kwenye majaribio, ikaonekana unakua vizuri zaidi ukipewa shaba kiasi kuliko ukinyimwa, na shaba nyingi unaizuilia mizizini isipande kwenye majani. Wako waliopendekeza kwamba shaba inaukinga dhidi ya ukungu unaoushambulia kwenye udongo mwingine. Wachunguzi wa mambo ya kale nao waliufuata. Ulipoota kwa wingi mahali pasipo kilima cha shaba, walichimba wakakuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia shaba, kutoka enzi za mafundi waliosubu misalaba ya shaba iliyokwenda sokoni kote Afrika ya Kati.

Mzee wa Luilu: Unakula shaba, basi. Nilisema.

Mtaalamu wa mimea: Subiri, Mzee, hapo ndipo penye somo. Katika miaka ya 1970 vipimo vya majani vilitoa namba za kustaajabisha. Ndugu yake, Haumaniastrum robertii, alisemekana kubeba kobalti zaidi ya miligramu 10,000 katika kilo ya majani makavu. Mwaka 2007 watafiti wa Ubelgiji na wa Lubumbashi wakachapisha kazi ya kulirudia swali hilo. Waliosha majani kwa uangalifu kabla ya kupima. Namba zikashuka. Sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kinahesabiwa kuwa ni cha mmea kilikuwa vumbi lililokaa juu ya jani.

Mwanafunzi: Kwa hiyo walikuwa wanapima mlima?

Mtaalamu wa mimea: Walikuwa wanapima mlima pamoja na mmea. Vumbi lililo juu ya jani ni la mlima. Shaba iliyovuka utando wa seli ni ya mmea, kwa sababu mmea umeiruhusu, umeihesabu na kuiweka mahali pake. Nikiulizwa alama moja iliyo chini ya zile saba, nitataja hiyo: kiumbe hai ana ndani na nje, na hufanya kazi bila kupumzika ili ndani yake pasifanane na nje. Kula ni kuvusha kinachofaa. Kutoa taka ni kuvusha kisichofaa. Kuhisi ni kujua kilichoko ng'ambo ya utando. Siku kazi hiyo ikikoma, ndani na nje vinasawazika, na hicho ndicho kifo.

Mzee wa Luilu: Vumbi hata sisi tunalo, mwanangu. Mashukani, kwenye sufuria, kifuani.

Mtaalamu wa mimea: Najua, Mzee. Na shaba ya ndani pia tunayo, ambayo haikuletwa na vumbi. Mwili wa mtu mzima una takriban miligramu 100 za shaba. Ndani ya kila seli inayopumua, hatua ya mwisho ya kuitumia oksijeni hufanywa na kimeng'enya chenye shaba. Ukikosa shaba kabisa, hewa uliyovuta haina wa kuipokea. Kobalti nayo ndiyo hii: katikati ya vitamini B12 kuna atomu moja ya kobalti. Dorothy Hodgkin alilifumbua umbo lake katika miaka ya 1950, akapata Tuzo ya Nobel 1964. Mtu mzima anahitaji vitamini hiyo mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na hakuna mnyama wala mmea unaoweza kuitengeneza. Ni kazi ya bakteria na ndugu zao wadogo wengine. Ng'ombe akila majani yasiyo na kobalti, bakteria walio tumboni mwake hawapati cha kuitengenezea, naye anakonda. Madini haya mawili tunayoyapakia kwenye malori kila siku yamo ndani yetu, kwa kipimo. Kipimo hicho kikivunjwa, yanakuwa sumu.

Mzee wa Luilu: Basi na mimi niwape la mgodini. Kila aliyefanya kazi Kamoto au Musonoi anaijua RSC. Ni mwamba mgumu wa silika na dolomiti, wenye mashimo mashimo, umelala katikati: chini yake madini, juu yake madini, wenyewe mara nyingi hauna kitu. Sisi tuliuchukia kwa kuwa unatusumbua kuchoronga. Wanajiolojia walikuwa wanauangalia kwa upole tusiouelewa. Wanasema ni stromatoliti.

Mwalimu: Ndiyo, Mzee. Zamani hapa palikuwa na bahari ya maji mafupi, zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Mazulia ya bakteria yalitanda chini, yakinasa chembe za matope na kugandisha chokaa. Tope likiwafunika, wanapanda juu kuufuata mwanga, wanaanza zulia jipya. Tabaka juu ya tabaka.

Mzee wa Luilu: Tabaka juu ya tabaka. Ulisema ndivyo jiwe linavyokua, kwa kuongezewa kutoka nje.

Mwalimu: Nilisema, na sheria yangu imepungukiwa. Umbo halitoshi. Malakiti na RSC zote zina tabaka, lakini moja imeachwa na maji na nyingine imejengwa na viumbe vilivyokuwa vinapigania mwanga. Lazima uulize nani alikuwa kazini.

Hapa mjadala ungeweza kuisha na wote wakapeana mikono. Ila kuna sauti ambayo bado haijasema, na mjadala wa uhai usioisikiliza sauti hiyo hauna haki ya kufanyika Kolwezi.

Kijana mchimbaji: Yaya, nimewasikiliza mpaka mwisho. Mmeosha jani ili mjue vumbi ni la nani. Mimi nani ameniosha kifua? Mwaka 2014 kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, watu walichimba sebuleni, wakateremka kwa kamba na tochi. Mpaka leo tunateremka. Mnasema kiumbe hai ni yule anayelinda ndani yake pasifanane na nje. Nikiwa chini, nje inaingia yote. Nikipanda, nauza gunia la jiwe jeusi kwa bei anayotaka mnunuzi, nanunua unga, mtoto anakula, anakua kutoka ndani kama alivyosema Mwalimu. Halafu mje mniambie kilima kisiguswe kwa sababu ya ua?

Mtaalamu wa mimea: Sikuambii hivyo, mdogo wangu. Nakuambia kwamba mimea zaidi ya 30 huota juu ya udongo wa shaba wa ukanda huu tu, na haipo penginepo duniani. Mingine inajulikana kwenye vilima vichache sana. Kilima kikisawazishwa bila mbegu kuokolewa, ukoo unakatika.

Kijana mchimbaji: Shaba nayo inakwisha.

Mtaalamu wa mimea: Shaba haikwishi. Inahama. Iliyochimbwa hapa iko kwenye nyaya za Ulaya na China, na waya ukichakaa unayeyushwa, shaba ni ile ile. Maagizo yaliyo ndani ya mbegu yakipotea, hakuna tanuri la kuyarudisha.

Natoa hukumu yangu. Kwenye swali la kwanza, malakiti hukua, lakini haiishi: haina ndani ya kulinda wala urithi wa kupitisha. Alama saba ni nzuri za kuanzia mtoto wa shule, lakini hazina uzito sawa. Mbili ndizo mzizi, yaani kazi ya kuulinda utando na maagizo yanayopita kwa vizazi. Nyingine ni matawi ya hizo. Kwenye swali la pili, la kilima na ua, simwambii kijana achague kati ya mtoto wake na ua. Anayemlazimisha achague hivyo si ua. Kijana na mmea wanadai kitu kimoja kwa mwenye kibali cha kuchimba: kinga. Kijana anadai barakoa, maji ya kutuliza vumbi, shimo lililoegemezwa vizuri na bei ya haki. Mmea unadai mbegu zake zikusanywe na kipande cha kilima kiachwe. Hakuna dai kati ya hayo linalofunga mgodi. Huko kwenye mgodi wa Tenke Fungurume watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Gembloux, Ubelgiji, walikwisha kufanya majaribio ya kuotesha na kuhamisha mimea ya shaba, kwa hiyo hatuanzi na kitu kisichojulikana.

Kwa walimu wa Lualaba nina ombi. Somo la alama za viumbe hai hufundishwa kila mwaka kwa mchoro wa mbwa na mchoro wa mwembe. Mvua zinapoelekea kukoma, watoeni wanafunzi darasani, watafutieni kilima kilicho nje ya uzio wa mgodi, wawekeni mbele ya ua la shaba wakiwa na maji safi na kitambaa. Waoshe jani moja, waliache la pili na vumbi lake, kisha wabishane kipi ni cha mlima na kipi ni cha mmea. Fanyeni hivyo mwaka huu, maana kilima mtakachokichagua huenda tayari kimo kwenye ramani ya mtu.